Msalaba wa Mbao Mbichi

Mimi ni seremala, na kwa miaka mingi nimekula kwa mbao za misindano, yaani paina, hapa Mafinga. Nipe ubao wowote, nitaugonga kwa kidole, nitaunusa, nitauinua kupima uzito, kisha nitakwambia umetoka kwenye msumeno lini na umelala juani siku ngapi. Wenzangu wa karakanani hunitania kwamba hata mke wangu nilimgonga kwanza kwa kidole ndipo nikapeleka posa. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilichokifanya mwaka ule sikukifanya kwa kutojua.

Kigango cha kijijini kwetu, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka mjini, kilikuwa kimeezekwa upya na kuwekewa dirisha kubwa la vioo upande wa magharibi. Katekista wetu, ambaye sote tunamwita mwalimu, akaniomba nitengeneze msalaba mkubwa wa kutundikwa nyuma ya altare. Aliutaka kabla ya Pasaka. Sasa, kwetu Kwaresma ni wakati wa mvua na ukungu, na mbao hazikauki hata uzibembeleze. Nilikuwa na ubao mmoja mpana, mkavu, nilioutunza nyuma ya karakana tangu kiangazi, lakini kulikuwa na mteja wa meza aliyekuwa akinipigia simu asubuhi na jioni, nikampa yeye. Kwa ajili ya msalaba nikachukua ubao uliokuwa na wiki mbili tu tangu kupasuliwa, nikaupiga randa, nikaupiga msasa, nikaupaka vanishi mara tatu mpaka ukang'aa.

"Ni kavu hii?" mwalimu aliniuliza alipokuja kuuchukua.

"Kavu kabisa, mwalimu."

Fundi yeyote wa Mafinga anajua kwamba ubao mbichi wa msindano ukiuziba kwa vanishi, utomvu hauendi popote. Unabaki ndani, hasa kwenye mafundo yalipokuwa matawi, na siku ukipata joto unatoka. Nilijiambia kanisani kwetu ni baridi, hautatoka.

Ukatoka Oktoba. Oktoba ni mwezi wa Rozari, na jumuiya zote za kijiji hukutana kanisani saa kumi jioni kusali. Ndio mwezi wetu wa joto pia, kabla mvua hazijaanza, na saa kumi ndiyo saa ambayo jua lilikuwa linaingia kwa dirisha lile jipya na kuupiga msalaba moja kwa moja. Mimi sikuwepo siku ya kwanza. Nilipigiwa simu na watu wanne kwa mfululizo, wa mwisho akiwa mama yangu mzazi, akilia na kucheka kwa wakati mmoja. "Baba, msalaba wako unalia! Msalaba wako unatoa machozi!"

Kesho yake nikaenda. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, na mama alikuwa ameniwekea nafasi benchi la mbele. Chini kidogo ya pale mbao mbili zinapokutana palikuwa na mafundo mawili, moja huku na moja kule, na kwenye kila fundo tone la rangi ya asali lilikuwa linavimba taratibu, linang'aa kwenye jua, kisha linateleza kwenda chini. Akina mama waliyapokea matone mguuni mwa msalaba kwa ncha za leso.

"Unauona uso?" mama aliniuliza.

"Uso gani?"

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama nilipokuwa mtoto, akakigeuza kidogo. "Pale. Paji lile, na pua, na mashavu."

Ubao ule nilikuwa nimeupitisha randa kwa mikono yangu mwenyewe siku nzima, na sikuwa nimeona uso wowote. Niliona mistari ya mbao, mipana huku na myembamba kule, basi. Lakini mama alipomaliza kusema, uso ukatokea: paji, pua, mashavu, na yale macho mawili yanayotokwa na machozi. Hadi leo siwezi kuutazama msalaba ule nisiuone uso. Najua ulivyoingia kichwani mwangu, naikumbuka hata dakika yenyewe, na bado nauona. Jambo hilo lilinitia hofu kuliko machozi yenyewe, kwa sababu asili ya machozi nilikuwa naijua. Harufu ya utomvu ilikuwa imejaa pale mbele, ile ile ninayorudi nayo nyumbani kwenye nguo kila siku.

Nilipaswa kusimama pale pale niseme. Sikusimama. Niliona aibu ya kusema mbele ya kijiji kizima kwamba nyumba ya Mungu niliipelekea ubao mbichi na nikamdanganya mwalimu. Hiyo ni sababu ya kwanza, nayo ni ndogo. Ya pili inaniuma zaidi: nilifurahi. Nilipotoka nje wazee walinivulia kofia, na mama mmoja akanishika mkono wangu wa kulia, akauweka kwenye paji la uso wake. Nikaanza kujiuliza, kwani Mungu hawezi kutumia utomvu? Kwani hakujua ubao ni mbichi? Mtu akitaka kujidanganya hakosi theolojia.

Sasa niseme habari za macho ya mama. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanza kujikwaa na kumwaga chai nje ya kikombe. Mdogo wangu wa kike anaishi Mbeya, pale Uyole, akamchukua akampeleka hospitali ya huko. Wakamkuta na presha ya macho. Daktari, kijana mpole, alimweleza kwa maneno ambayo mdogo wangu alinisomea kwenye simu kama alivyoyaandika: "Mama, dawa hii hairudishi kilichopotea. Inalinda kilichobaki. Kwa hiyo usitegemee kuona vizuri zaidi, tegemea kutopoteza zaidi." Tone moja kila jicho, kila jioni, maisha yake yote.

Kuanzia hapo, kila mwezi mdogo wangu alinunua dawa, akaikabidhi kwa kondakta wa basi linalokuja huku, nami nikaipokea stendi ya Mafinga na kumpelekea mama. Niliipeleka kwa mkono wangu, kila mwezi, bila kukosa. Mama alipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaiweka kwenye kabati la vyombo. Nikijua nimemaliza kazi ya mtoto mwema, nilipanda bodaboda nikarudi kwenye mbao zangu.

Mvua zilipoanza msalaba ukanyamaza. Watu wakasema Bwana amefarijika. Mwaka ukapita, nami nikazoea kuitwa fundi wa msalaba. Oktoba iliyofuata, jua liliporudi dirishani, ukalia tena, na safari hii wakaja watu hadi kutoka Ipogolo, wakiwa wamekodi gari.

Katika wiki ile ya kwanza nilifika kwa mama mchana, yeye akiwa kanisani akifagia. Nilikuwa na njaa, nikafungua kabati kutafuta sahani. Nyuma ya sahani za wageni zilikuwa zimepangwa zile boksi ndogo za dawa ya macho, safu moja, kwa unadhifu wake wa siku zote. Nilizitoa moja moja. Zilikuwa kumi na moja, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nilikaa chini sakafuni na njaa yote ikaniisha.

Mama aliporudi alizikuta mezani. Hakushtuka hata kidogo.

"Mama, hutumii dawa?"

"Nitumie ya nini, baba? Macho yangu yamepona. Mwaka jana mwezi wa Rozari nilipaka yale machozi kwenye kope, siku tatu tu, nikaona mwanga mpaka nikalia. Hiyo dawa yenu inachoma, na sijawahi kuona inanisaidia kitu."

"Kwa nini hukusema?"

"Mngeudhika. Nyie mnatuma kwa upendo." Akazichukua boksi akaanza kuzirudisha mahali pake. "Nachambua mchele mwenyewe. Naona mpaka kanisani kule. Mtu anajua macho yake mwenyewe, baba."

Nina hasira za haraka, na siku ile zilikuwa juu, lakini sikuwa na wa kumtupia. Tangu aache dawa ulikuwa umepita mwaka mzima, na katika mwaka huo wote mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba ile ilikuwa gundi ya mti. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika kwenye macho ya mama yangu.

Nilikwenda kwa mwalimu jioni ile ile, nikamwambia yote: mteja wa meza, wiki mbili, vanishi, na ile "kavu kabisa". Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ni mtu mwema, na sitaki aeleweke vibaya.

"Fundi," alisema mwishoni, "kabla ya msalaba ule nilikuwa nasali na watu kumi na bibi mmoja kiziwi. Sasa unataka niwaambie nini?"

"Ukweli."

"Ukweli wako au wangu? Mimi niliyaona yale machozi kwa macho yangu."

"Hata mimi niliyaona, mwalimu. Na uso niliuona. Ndiyo maana nasema tusitumie macho peke yake."

Aliinua kichwa. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo namheshimu kwalo. "Kama unasema kweli, utaweza kuonyesha. Leta ubao mwingine."

Nikaenda karakana, nikachagua ubao uliotoka kwenye msumeno wiki ile ile, wenye mafundo, nikaupaka vanishi mara tatu kama ule wa kwanza. Sikuufanya msalaba. Uliachwa ubao tu, wa kutengenezea rafu au kitanda. Tukausimamisha juu ya kiti kando ya altare, pale jua linapofika, na mwalimu akawatangazia watu kwamba kwa siku chache watasali kukiwa na ubao pale, wautazame pamoja na msalaba, na hakusema zaidi. Wengine walinung'unika kwamba ni kumjaribu Mungu. Jumanne kulikuwa na wingu zito kutoka milimani: msalaba ulikuwa mkavu na ubao ulikuwa mkavu. Jumatano, wingu tena, na vivyo hivyo. Alhamisi jua likatoka. Katikati ya fumbo la tatu la Rozari nilisikia sauti za watu zikipungua, zikipungua, hadi akabaki yule bibi kiziwi akisali peke yake kwa nguvu. Msalaba ulikuwa unalia. Na kwenye kiti, ule ubao wa kutengenezea kitanda ulikuwa unalia pia.

Nikasimama, nikasema niliyopaswa kusema mwaka mmoja nyuma. Sikumbuki maneno vizuri. Nakumbuka baba mmoja alitoka nje bila kuniangalia, na mama aliyewahi kuuweka mkono wangu kwenye paji lake akanifungia uso wake kama mlango. Mwingine akasema basi na huo ubao wa pili nao umeguswa na Mungu, wapewe ugawanywe. Watu wachache walicheka. Mwalimu alimalizia sala. Nilitegemea kuona huzuni usoni mwake, nikaona ametulia kama mtu aliyetua mzigo.

Sijaacha kusali, na sikuona siku ile kwamba Mungu ameaibika. Aliyeaibika nilikuwa mimi. Kama Yeye ndiye aliyeuumba msindano, basi ndiye aliyeweka utomvu ndani yake na joto kwenye jua, na sidhani anaona vibaya mtu akipima kabla ya kupiga magoti. Sisi ndio tunaokasirika, kwa sababu tulishapenda tulichokiona.

Mama alikuwa ametoka kanisani kimya. Nilidhani yamekwisha, kwamba jioni ile atafungua boksi moja. Tulipofika kwake alisonga ugali, tukala, na aliponawa mikono akasema, kwa upole kabisa, "Sawa. Ubao wako umelia. Mimi si mjinga, nimeona. Lakini mimi nilipaka, nikapona. Hayo ni macho yangu, si ubao. Utaniambia nini juu ya macho yangu mwenyewe?"

Ushuhuda wake ulikuwa umekaa mahali ambapo maneno yangu hayafiki. Nililala pale, na asubuhi, wakati amekaa kwenye kigoda uani anachambua mchele, jua limeshachomoza vizuri, ndipo nikakumbuka jinsi mdogo wangu alivyosimulia walivyompima Mbeya, jicho moja moja.

"Mama, niruhusu nikufunike jicho kidogo."

"Michezo gani hii?"

"Kidogo tu."

Akacheka, akaweka ungo magotini. Nikamfunika jicho la kulia kwa kiganja. "Unaniona?"

"Nakuona. Umechoka, na hujanyoa."

Nikaondoa kiganja, nikalifunika la kushoto.

Mama aligeuza uso huku na kule, kama mtu anayetafuta sauti ilikotoka. Kisha akasema, bado kwa lile cheko la mwanzo, "Sasa mbona umenifunika yote mawili?"

Nikauchukua mkono wake kwa mkono wangu uliobaki, nikaupeleka kwenye jicho lake la kulia. Vidole vyake vikagusa kope. Zilikuwa wazi. Akazigusa tena, taratibu, mara ya pili na ya tatu. Jicho lilikuwa wazi kabisa, jua limempiga usoni, na ndani yake hamkuwa na kitu. Ungo ukateleza magotini, mchele ukamwagika wote, na hakuna kati yetu aliyeinama kuuokota.

Siku iliyofuata tulikuwa Mbeya. Daktari alikuwa yule yule kijana mpole. Alitueleza kwamba presha ya macho haiumi na haipigi hodi. Inakula pembeni kidogo kidogo, na jicho moja likizidi kufa, lile zima linamfanyia mwenzake kazi, na akili inajaza palipo tupu, mpaka mtu anaapa anaona kila kitu. Mama alimwuliza kuhusu ule mwanga aliouona mwaka jana alipopaka. Daktari hakumcheka. Alisema mtu akitamani sana kuona, huona, na kwamba wagonjwa wake wengi wana siku kama hiyo. Jicho la kulia halitarudi. La kushoto limeumia, lakini likipata dawa kila jioni huenda likabaki.

"Angeendelea na dawa mwaka huu," nilimwuliza daktari mama alipotangulia kutoka, "la kulia lingepona?"

"Lilikuwa dhaifu tangu mwanzo," alisema. "Lakini lilikuwa linaona. Ningelitegemea."

Mchana mdogo wangu alitusindikiza hadi barabarani pale Uyole, akarudi nyumbani kwake kwa wanawe. Tukakaa kwenye benchi la duka kusubiri basi, mama kwa upande wangu wa kushoto, mfuko wa dawa magotini. Malori ya mbao yalikuwa yanapita.

"Baba," mama alisema. "Ile gundi. Ulijua toka lini?"

Ningeweza kusema tangu nilipoziona boksi. Hakuna ambaye angeweza kunipinga.

"Siku ile ya kwanza niliyokuja. Uliponishika kichwa."

Hakulia, wala hakunigombeza. Aliinua mkono wake, akalifunika jicho la kushoto, lile linaloona, kwa kiganja chake, akanigeuzia uso. Alikaa hivyo, jicho lake la kulia likiwa wazi mbele yangu, muda mrefu kiasi kwamba mwenye duka aliacha kazi yake akatuangalia. Mimi nilitazama chini.

Basi lilipokuja lilipitiliza kidogo, likasimama mbele yetu. Tulitembea kandoni mwake kuelekea mlangoni. Nilimnyooshea mkono nisijue kama ataupokea. Aliupokea, kwa sababu ngazi ilikuwa upande wake wa kulia.